Siku Nilipoubana Upepo kwa Pini

Chekeni tu, maana Mungaa nzima ilishacheka na mimi bado napita barabara ileile, ila naomba mnisikilize mpaka mwisho kabla hamjasema eti mimi ndiye niliyeangusha helikopta. (Sikuiangusha. Ilijiinamia yenyewe.)

Kazi yangu ni kupamba harusi, na mpambaji wa Singida ana adui mmoja tu, upepo. Upepo wetu haupigi hodi, unaingia na kuondoka na vitambaa vyako, kwa hiyo mimi nabana kila kitu kwa pini, pini zenyewe naziweka mdomoni nikifanya kazi, na nikiona kitambaa kinapepea hata pilau halipiti kooni.

Sasa Mzee Ntandu alikuwa anamwoza binti yake kwa kijana mmoja aliyepata dhahabu kule Sekenke, na kijana, kwa vile hela ikishatoka chini ya ardhi inataka kwenda juu, akasema atakuja kwa helikopta ya kukodi. Kupamba nikapewa mimi. Nikajiambia nikiipatia hii, harusi zote za Ikungi ni zangu.

Asubuhi rubani akapiga simu: uwanja ufagiwe, umwagiwe maji vumbi lisimzibe macho, maturubai yakae mbali, na kitambaa chekundu kitundikwe kwenye mlingoti. Mzee aliniambia kabisa kwamba kitambaa ni cha kumwonyesha rubani upepo, lakini mimi nikishasikia neno kitambaa, mengine yote hayaingii.

Nikakitundika. Kikaanza kujipiga huku na kule, kinajisokota kama utumbo wa mbuzi, na mpiga picha alishafika! Aibu gani hii? Nikaomba ngazi. Nikakinyoosha kwenye mlingoti, nikakibana juu, nikakibana chini, katikati nikachomeka ua la plastiki, kikatulia tuli. (Nilishuka nikakipiga picha, nikaweka status.)

Helikopta ikaja, kina mama wakapiga vigelegele, ikazunguka mara moja ikaanza kushuka, na hata mimi nisiyejua kitu nikaona inakuja mbio kama mtu aliyesukumwa mgongoni. Ikagonga ardhi puu! Mguu mmoja wa chuma ukapinda, ikalala upande, panga la mkia likachapa chini likavunjika. Vigelegele vikageuka mayowe. Mimi nikakaa palepale kwenye tope.

Wakatoka wote wazima, namshukuru Mungu, rubani, mpambe, na bwana harusi akiwa na kiatu kimoja. Hapo ndipo mjomba wa bibi harusi alipomkunja rubani shati.

"Umelewa wewe! Ulitaka kutuulia mkwe! Nitahakikisha hurushi tena hata tiara!"

Rubani alikuwa kijana mdogo tu. "Sijalewa, mzee wangu. Helikopta inatua ikiukabili upepo. Huu umenipiga kwa nyuma. Kitambaa chenu kimeniambia hakuna upepo."

"Hakuna upepo? Hapa Singida?" akauliza Mzee Ntandu, huku kofia yake ameishika kwa mikono miwili isiruke.

Tukageuka wote. Mitandio inapeperuka, turubai linanguruma, kiti cha plastiki kinajiendea zake uwanjani, na kitambaa changu kimesimama wima na ua lake, hakina hata mkunjo. (Kwa kweli kilipendeza.)

"Nani amekibana vile?" mjomba akauliza.

Mimi ningenyamaza, siwadanganyi, lakini yule kijana alikuwa anaiangalia helikopta yake kama mtu aliyekwishafukuzwa kazi, roho ikaniuma. Nikainuka na matope yangu, nikafungua mdomo niseme, pini zikaanza kudondoka. Nilizisahau humo tangu kwenye ngazi. Zikadondoka kifuani, zikadondoka miguuni, kijiji kizima kinaziangalia.

"Ni mimi, baba," nikasema. "Shikamoo."

Mjomba akaachia shati. Mzee Ntandu akanitazama, akautazama mlingoti, akanitazama tena.

"Marahaba. Kumbe, binti yangu, nimekulipa upambe harusi, na upepo nao ukaupamba?"

Ndoa ilifungwa, bwana harusi alikwenda kanisani kwa bodaboda. Mimi siku hizi kabla sijapanda ngazi nauliza kwanza, hiki kitulie au kipepee? Wateja wanacheka, waache wacheke. Juzi nimeiona bendera ya shule imejisokota kwenye mlingoti wake, vidole vikaniwasha jamani, nikatia mikono mfukoni nikapita.