Bondeni ni Wapi?

Nakumbuka siku hiyo, mwanangu, kwa sababu ya simu ambayo haikupokelewa. Ilikuwa asubuhi, mvua za kwanza zikikaribia, na baridi ya Sumbawanga ilikuwa imetuingia hadi vidoleni. Nilikuwa kijana, mtaalamu wa kompyuta wa ushirika wa wakulima, na nilijiona mkubwa kuliko kazi niliyopewa.

Mama Anyesi, aliyenizidi miaka ishirini, ndiye aliyechora mchoro mkuu wa ushirika: maghala yote, ofisi zote, taarifa ipi inatoka wapi kwenda wapi. Ulibandikwa ukutani, umejaa visanduku na mishale. Mimi nilisanifu mfumo mmoja tu, wa kuagiza mbegu katika ghala la Chala. Nilikaa Chala wiki tatu nikiwasikiliza wakulima. Ila mchoro wa ukutani sikuwahi kuusoma. "Yale ni mapambo ya ofisi," niliwaambia wenzangu. Walicheka, nami nikafurahi.

Fomu yangu iliuliza shamba liko mlimani au bondeni. Ndivyo wanavyosema watu wa Chala. Bondeni kwao ni vile vishamba vya chini, kando ya kijito, ambavyo lazima vipandwe kabla maji hayajatuama.

Saa tatu akapiga simu Mama Vestina, mkulima wa huko. Nikamwamkia shikamoo, hakuitikia.

"Mbegu za mlimani zimekuja. Za bondeni ziko wapi? Mawingu yameshuka huku, hata msalaba wa kanisa siuoni."

Nikafungua kompyuta. Mbegu zote za bondeni zilikuwa zimepakiwa asubuhi ile ile kwenda Mtowisa.

Katika mchoro mkuu, bondeni ni Bonde la Rukwa, na ghala lake liko Mtowisa. Mfumo wangu ulituma neno, wa makao makuu ukalipokea, kila mmoja ukaelewa lake. Hakuna kilichokwama, hakuna onyo lililotokea. Lori likaondoka.

Nikampigia dereva, Zeno, mara nne. Hapokei. Akishateremka Lyamba lya Mfipa, ule mteremko mkali wa kwenda bondeni Rukwa, na mvua ikanyesha, lori halingepanda tena kwa siku kadhaa, na vishamba vya Chala vingegeuka madimbwi.

Nikueleze ukweli: wazo langu la kwanza halikuwa lori. Nilitaka kubadilisha lile neno kimyakimya, kisha lawama ziwaangukie wapakiaji. Kidole changu kilikuwa tayari juu ya kitufe Mama Anyesi alipoingia.

"Mbona unatoka jasho kwenye baridi hii?"

Nikamwambia yote. Hakupaza sauti. Alikwenda ukutani, akafuata kwa kidole mshale wa kwenda Mtowisa, akasimama katikati yake. Hapo palikuwa na kisanduku kidogo: Kituo cha mwisho kabla ya mteremko, Mama Sikudhani, muuza chai. Na namba ya simu. Kumbe kila kisanduku kilikuwa na jina la mtu.

Mama Anyesi akaipiga, akaweka spika. Mama Sikudhani akapokea huku akimfokea mteja. "Zeno? Yupo hapa, anagombea chapati ya tatu. We Zeno! Ofisini!"

Zeno akaja hewani. "Karatasi yangu imeandikwa Mtowisa. Nikigeuza, nani atabeba msalaba huo? Nyie wa kompyuta mkikosea, dereva ndiye anaitwa mlevi."

Mama Anyesi akanitazama. Nikaisogelea simu.

"Mimi, kaka Zeno. Kosa ni langu. Geuza, peleka Chala."

Nilisikia vikombe vikigongana, na upepo. "Sasa hapo umeongea," akasema. "Mama Sikudhani, nifungie hiyo chapati."

Lori lilifika Chala manyunyu yakianza. Walipanda hadi giza likaingia. Kona moja ya shamba la Mama Vestina maji yaliiwahi. Mwaka ule haikuota kitu.

Kesho yake Mama Anyesi akanipeleka kuiona. Njiani akasema, "Umejenga bila kusoma mchoro wangu. Mimi nimechora bila kukanyaga Chala. Hatuna cha kuchekana." Mama Vestina akatupokea akiwa na tope hadi magotini, akauliza, "Enhe, wakubwa, bondeni kwenu ni wapi?" Tukakaa naye, tukaandika upya: vishamba vya kijito, na Bonde la Rukwa. Maneno mawili badala ya moja.

Mwanangu, leo kiti kile cha kompyuta ni chako, na kona ile bado naiona. Ukipewa kujenga mfumo mmoja, kausome kwanza mchoro wa nyumba nzima, umuulize aliyeuchora kila neno analimaanisha nini. Siku ukipewa kuchora nyumba nzima, shuka kwa wanaojenga, uende hadi kwenye tope. Kati ya wawili hao ndipo mambo hupotea, na hupotea kimya. Na ukikosea, sema kabla lori halijafika mteremkoni.

Mungu akupe sikio la kusikia neno moja linapobeba maana mbili. Akupe wakubwa wasiokuaibisha. Na kila utakachokituma, kifike kwa anayekingoja, udongo ukiwa bado unashika mbegu.