Sanduku la Zabuni Tulilolifungua Mbele ya Kijiji

Mnaonijua mtacheka kidogo, kisha mtanyamaza: mimi, mwenye shahada ya uzamili ya ununuzi na ugavi, nimeharibu ununuzi mdogo kuliko yote niliyosomea, wa chumba cha kujifungulia katika zahanati ya kijiji chetu, huku Nyabiyonza.

Chumba kilitakiwa kiezekwe kabla ya masika, maana mvua ikishika, barabara ya hospitali haipitiki. Wananchi walikwisha kusomba mawe na mchanga, na kilichobaki ni kamati ya ujenzi, ambayo mimi ni katibu wake, kuchagua njia: kumpa kazi fundi wa hapa hapa akisaidiwa na nguvu za wananchi, au kutangaza zabuni kwa wakandarasi waliosajiliwa. Njia ya kwanza ndiyo iliyotufaa, nami nilijua, lakini fundi pekee tuliyemwamini ni Deo, ndugu wa mama yangu, na nikawaza (niliwaza kupita kiasi, kama kawaida yangu) kwamba watu watasema nimempendelea. Basi badala ya kutamka kikaoni kuwa ni mjomba wangu, nikawawekea wajumbe jedwali la kurasa sita hadi wakachoka, wakakubali zabuni.

Tulibandika matangazo hadi mjini, nikachongesha sanduku lenye kufuli mbili, na siku ya kulifungua nikasisitiza kijiji kizima kihudhurie (eti uwazi). Lilikuwa tupu. Nililiinamisha, nikapapasa pembe zote nne kana kwamba bahasha huweza kujificha, na hapo kicheko kikaanzia nyuma.

"Msomi, angalia na chini ya meza!"

Mama Koku, mwenyekiti wa kamati, hakucheka. "Mwanangu, mkandarasi gani alete mitambo huku kwa chumba kimoja? Deo ulimkatalia nini?"

"Ni mjomba wangu," nilijibu kwa sauti ya chini.

"Nani hapa asiyejua?"

Mkutano mzima ukaangua kicheko. Nikaomba basi Mjomba aitwe. Kicheko kikakatika, kwa sababu alikwisha kuchukua kazi Kyerwa, wilaya ya jirani.

Masika yakaanza. Mkwe wa Mama Koku alijifungulia njiani, bodaboda ikiwa imezama kwenye tope, wanawake wakimzungushia vitenge. Mtoto yu hai, namshukuru Mungu.

Nilimfuata Mjomba Kyerwa, nikamkuta anapanga tofali.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Uliniona mwizi?"

"Hapana, Mjomba."

"Basi ungewaambia mimi ni nani wako, ukatoka nje, wakaamua wao. Shuleni hawakuwafundisha hivyo?"

Walitufundisha, na somo hilo nililifaulu vizuri. Nimeapa kwamba katika kikao chochote nitataja udugu wangu kabla ya kufungua daftari. Mjomba amesema hawezi kuacha nyumba ya watu katikati. Atarudi mvua zikikatika. Kijijini wapo wajawazito wengine wanne, nami nawajua wote kwa majina.