Mrija wa Kwanza wa Wekoye

Sista Rahab ni mbishi, na wauguzi wenzake wote pale kliniki ya walevi mjini Kitale wanalijua hilo. Mkubwa wake, Kiragu, alikuwa na ubao ukutani. Mgonjwa akimaliza siku tisini bila pombe, anawekewa alama ya kupona, basi. "Arobaini waliingia, thelathini na sita wamepona!" Kiragu aliwaambia wageni, kifua mbele.

"Wamepona wakiwa kwetu, ambako hakuna pombe," Rahab akasema. "Na kwao je?"

"Sista, unapenda maswali."

"Kuuliza si ujinga."

Basi akawa anampigia kila mmoja simu mwezi ukipita tangu arudi kwao. Wekoye, seremala wa Myanga, hakushika. Siku tatu, kimya. Jumamosi Rahab akafunga safari.

Dinah, mamake Wekoye, alimpokea kwa vigelegele. "Daktari! Si ni wewe ulinirudishia mtoto!" Akamsimulia walivyomkaribisha: jogoo alichinjwa, chungu cha busaa, pombe ya nafaka, kikawekwa katikati, na mrija wa kwanza, ule wa heshima, akapewa Wekoye. "Nilimpa kwa mkono wangu. Angekataaje mbele ya wajomba?"

Rahab akamkatiza. "Busaa, mama?"

"Si busaa ni chakula? Yeye aliharibiwa na chang'aa, ile pombe kali."

Jamani! Siku tisini nzima, na hakuna mtu wa kliniki aliyemwambia huyu mama neno. Rahab aliona aibu, aibu kweli. Wekoye akatokea nyuma ya nyumba, macho mekundu, akinuka busaa. Tangu siku ile ya jogoo hakuwa ameacha kunywa.

"Sista, nimekuangusha."

"Wacha hiyo. Ni sisi tumekuangusha."

Akaketi na Dinah, akamweleza polepole kwamba busaa nayo ni pombe, na mrija mmoja tu unatosha kumrudisha Wekoye kwenye ulevi. Mama alilia mpaka leso ikalowa.

Jumatatu Rahab alifuta alama ya Wekoye ubaoni. Kiragu akang'aka, "Utatuharibia takwimu!"

"Ziliharibika Myanga, bwana. Mimi nazisahihisha tu."

Wekoye akarudi kliniki, na safari hii mamake aliitwa kuketi naye kwenye mafunzo. Siku zake zilipoisha akaenda nyumbani. Mwezi ulipopita, Rahab akapiga simu. Aliyeshika ni Dinah.

"Yuko kazini, daktari, anapiga randa kitanda cha watu. Leo ni siku ya thelathini na moja hapa nyumbani bila tone, mimi ndiye nahesabu. Na kile chungu, sasa tunawekea maji ya kunywa."