Tepu Iliyovutika

Cherehani ya kichochoroni ilinyamaza siku tisa. Majirani walikuwa wameuzoea mlio wake hata hawakuusikia tena, mpaka ulipokoma. Fundi mwenyewe alikuwa chumbani, akiandika madai yake kwenye daftari lile lile la vipimo vya wateja.

Shemeji yake, mdogo wa mumewe, alikuwa amejenga ukuta ukala njia yao ya pamoja. Mwenye miguu alipita kwa kujibana. Kiti cha magurudumu cha mumewe hakikupita, na tangu tofali la mwisho lipangwe, mwanamume huyo hakuliona jua ila dirishani.

Wakili mmoja alimsikiliza fundi huku akitazama saa. Dada yake fundi akamsihi atafute mwingine, asiende kujitetea mwenyewe na kujiaibisha.

"Kinyozi hajinyoi," alimwambia.

"Fundi hujishonea, dada."

Mahakamani akasimama peke yake, akasoma kwamba njia imebaki inchi ishirini na nne. Wakili wa shemeji akauliza kipimo kilichotumika. Fundi akaivua shingoni tepu yake ya kazi, ya miaka kumi na minane. Ikalazwa kando ya rula ya chuma ya karani. Ilikuwa imevutika: inchi zake ishirini na nne zilikuwa ishirini na tano. Kwenye nguo kosa hilo halikuwahi kumuumbua, maana mwili na kitambaa alivipima kwa tepu hiyo hiyo.

"Sasa mama," wakili akasema taratibu, "kama hili si kweli, mangapi mengine si kweli?"

Fundi akaizungusha tepu kidoleni, akaizongoa.

"Mheshimiwa, tepu imevutika, na kosa ni langu. Kiti hakijavutika. Naomba mje mkipitishe."

Wiki iliyofuata hakimu alifika kichochoroni na karani wake. Akamwagiza shemeji amsukume kaka yake mwenyewe. Magurudumu yakakwaruza ukuta hatua mbili, yakakwama. Kaka hakugeuka. Mdogo mtu akabaki ameshika vishikio, macho chini, kama aliyesahau namna ya kuachia.

Hukumu ilitoka baada ya miezi miwili, na ukuta ukabomolewa. Tangu siku hiyo shemeji hajawasalimu.

Fundi yuko kwenye cherehani yake pale pale kichochoroni. Mumewe hukaa mlangoni tangu asubuhi, jua likimfika magotini.