Jina Kwenye Mkanda wa Mrembo

Mtaa mzima wa Kanda, mjini Edo, hapakuwa na mtu wa kuchonga nywele kama Hikoji, mchongaji wa mbao za kupigia chapa picha. Nasema hapakuwa, na anayebisha aje tubishane. Kisu chake kikipita juu ya ubao wa mcheri, unywele mmoja mmoja ulibaki umesimama kwenye paji la mwanamke, mwembamba hata ungeogopa kuupulizia.

Siku hiyo alikuwa hamamuni, maji ya moto yamemfika kidevuni, muuza tofu akaropoka:

"Mmeiona picha ya yule mrembo anayechana nywele? Lo! Mchoraji ana mkono yule! Unywele kwa unywele!"

"Mchoraji yupi?" Hikoji akafoka. "Yule kapaka doa la wino tu, akaniambia, 'Nywele utajua mwenyewe.' Nikazijua mimi!"

"Mbona jina lako hatulioni, fundi?"

Wakacheka mpaka maji yakamwagika. Hikoji akatoka mwili ukichuruzika, anachemka kuliko hamamu yenyewe. Jina la mchoraji lilikuwepo pichani, tena kubwa. (Mimi silitaji hapa, limetajwa vya kutosha.) Alama ya duka la tajiri Iganoya, mchapishaji na muuzaji wa picha hizo, ilikuwepo. Mwenye nywele je? Kimya!

Akamwendea tajiri. "Niweke na mimi jina."

"Fundi, watu wananunua brashi. Nani kakwambia wananunua kisu?"

"Basi hiyo brashi ikuchongee!"

Ubao ulikuwa karakanani kwake, kaletewa achonge upya mstari uliolika. Akauvuta. Mkanda wa mrembo ulikuwa mweusi tii, mahali pazuri pa jina jeupe. Akachonga: Hikoji. Akaurudisha kwa wapiga chapa, akanyamaza kama paka aliyekula samaki.

Sasa sikia balaa. Maisha yake yote, mchoro hubandikwa ubaoni uso chini, naye hufuata mistari iliyokwisha kugeuzwa. Safari hii hapakuwa na karatasi, palikuwa na hasira. Akachonga kama anavyoandika, akasahau kwamba chapa hugeuza kila kitu. Picha zikatoka, zikasambaa madukani, na jina limesimama kinyume!

Iganoya akaja mbio karakanani, ubao kwapani. "Toa uchafu huo! Tia kiraka cha mbao!"

"Kiraka? Pale ncha za nywele zilipoangukia mkanda? Mwite mtu mwingine azibe, uone mrembo wako atakavyopata upara."

"Wewe ndiye utakayeziba!"

"Mimi? Mimi kisu tu, tajiri. Kisu hakina jina, kisu hakiitwi."

Iganoya akauangalia ubao, akakumbuka wateja waliojaa dukani kwake wakiulizia "ile ya mkanda," akaubeba ulivyo, akaondoka.

Mke wa Hikoji, Otaki, akaiinua picha dirishani, akaitazama kwa nyuma. "Mbona inasomeka, mume wangu? Ila mrembo kakupa kisogo."

"Anipe kisogo mimi! Cheka tu."

Jioni alipoingia hamamuni wakampokea kwa kelele: "Hikoji Kinyume! Hikoji Kinyume!"

"Naam!" akajibu, akazama mpaka masikioni, bado amenuna.