Mgomo Wangu wa Mtu Mmoja

Wenzangu katika karakana ya malori, njia ya kwenda Kipushi, walinichagua kuwa delege wao wa sendika, mjumbe wa chama cha wafanyakazi, kwa sababu nilikuwa na sauti kubwa. Mimi niliamini ni kwa ajili ya hekima yangu. Wiki ile nzima mimi, fundi wa breki, nilivaa koti, na jua la Oktoba halikunihurumia.

Malalamiko yetu yalikuwa ya kweli. Wapaka rangi walifanya kazi bila maski, na mmoja wao alikohoa hadi akashika ukuta. Katibu wa sendika alinishauri tupeleke jambo kwanza kwa inspekta wa kazi, atupatanishe na patron, mwenye karakana. Sheria inataka hivyo kabla ya mgomo. Nikamjibu kwamba sheria imeandikwa na watu wasiokohoa. Nililipenda sana jibu hilo, nikalirudia nyumbani tukila. Mke wangu aliniomba nimsogezee bakuli la sombe.

Asubuhi nikapanda juu ya gurudumu la lori, nikatangaza mgomo. Wenzangu walipiga makofi, wakanisifu, kisha wakaingia kazini. Nikabaki getini na mlinzi. Adhuhuri haijafika, patron akaniita ofisini, akanifukuza.

"Papa wa batoto," mke wangu aliuliza nilipofika nyumbani, "hii greve iko ya bantu ngapi?"

"Tunaanza kidogo kidogo," nikasema.

Nikakimbilia kwa inspekta wa kazi, mama mmoja mpole, naye akatuita mimi na patron. Alimwambia patron kwamba delege hafukuzwi bila ruhusa ya ofisi yake. Nikatabasamu. Akanigeukia mimi.

"Na weye, papa, greve haianzake juu ya mupira ya lori. Munaikala kwanza pa meza. Sheria haiko ya kufanya mumoja ashinde. Iko ya kufanya muongee kwanza, mbele ya kuumizana."

Tabasamu likaniisha.

Basi tukakaa mezani. Patron alikubali kuleta maski na feni ya kutoa moshi wa rangi. Mimi nilikubali kunyamaza wengine wanapozungumza, sharti lililodaiwa na wenzangu wenyewe. Nikarudi kwenye breki zangu.

Yule mpaka rangi aliyekuwa akikohoa alipata nafuu polepole, na katika uchaguzi uliofuata ndiye aliyekuwa delege. Nilimpigia kura, ingawa, kusema kweli, kura yangu haikuhitajika.