Alama Iwekwe Wapi

Tulikuwa wanne katika ofisi ya ustawi wa jamii, Ifakara: karani, mimi msaidizi wake, mwalimu wa shule ya Lipangalala anayeugua sonona, ugonjwa wa akili wa huzuni kali, na dada yake. Asipotambuliwa kisheria kuwa mlemavu, mwalimu angefukuzwa kazi kwa utoro.

"Simama, mwalimu. Inua mikono."

Mwalimu akatii. Karani akatazama mchoro wa mwili kwenye fomu.

"Mikono ipo, miguu ipo. Sasa dada, alama niweke wapi?"

"Wiki tatu hajatoka kitandani!"

"Mbona leo katoka?"

"Viatu nimemvalisha mimi, kama mtoto."

"Rudini Jumatatu, mkuu akiwepo."

Sheria inataja mwili na akili. Nadhani aliyechora fomu aliishia neno la kwanza.

Jumatatu dada alirudi peke yake. Mwalimu alifariki Jumapili.